Mwanafunzi wa Bogotá na Mfasiri Asiyejulikana: Riwaya za Kigeni katika Kihispania, 1925–1967

Watungao historia ya fasihi hupenda kuipanga kama nasaba. Fulani alimsoma fulani, akachukua kwake jambo hili na hili; naye akasomwa na wa tatu, akamrithisha. Nasaba hizi zina manufaa yake, lakini zina pengo moja ambalo mara nyingi hupitwa bila kutajwa. Mwandishi na msomaji wake walipokuwa hawana lugha moja, palikuwapo mtu wa tatu kati yao, na maneno ya mtu huyo ndiyo yaliyosomwa hasa. Mtu huyo ni mfasiri. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, au haliandikwi kabisa. Na atajwapo na wataalamu, aghalabu hutajwa kwa makosa yake.

Makala haya yachungua kisa kimoja ambacho ushahidi wake si haba. Mwenyewe wa kisa ni Gabriel García Márquez wa Kolombia, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 1982. Mwaka wa 1947 alikuwa mwanafunzi wa sheria wa miaka ishirini tu, asiyejulikana na mtu. Katika mwaka huo alisoma kitabu kimoja cha kigeni kilichofasiriwa kwa Kihispania, na tangu usiku ule hakuwa tena mtu yule yule. Amelieleza jambo hilo mara nyingi, hasa katika mazungumzo yake na rafiki yake Plinio Apuleyo Mendoza yaliyochapwa mwaka wa 1982, na tena katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 2002. Kitabu alichokisoma chajulikana, na wapigaji chapa wake wajulikana. Asiyejulikana ni yule aliyeyaandika maneno aliyoyasoma.

Yafaa kwanza kumtazama msomaji mwenyewe. Alizaliwa tarehe 6 Machi 1927 katika mji mdogo wa Aracataca, upande wa pwani ya Bahari ya Karibi, akalelewa na wazazi wa mama yake. Babu yake, Kanali Nicolás Márquez, alikuwa amepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kolombia. Alifariki mwaka wa 1937. Bibi yake, Tranquilina Iguarán, alikuwa na hadithi zisizokwisha. Aliwataja wafu kama watu watajavyo majirani zao, na habari za ajabu alizisimulia bila kubadili uso wala sauti, kama mtu atoaye bei ya mahindi. Mtoto alizisikia hadithi hizo kila siku, akaziogopa usiku. Lakini haikumpitikia kamwe kwamba namna ile ya kusema ingeweza kuingia katika kitabu.

Alipopata nafasi ya masomo alipelekwa bara, katika shule ya Zipaquirá, akamaliza mwaka wa 1946. Huko alisoma mashairi mengi na kuyatunga. Mwaka wa 1947 aliingia Chuo Kikuu cha Taifa mjini Bogotá kusomea sheria, zaidi kwa kuwaridhisha wazazi kuliko kwa kupenda kwake. Mji wa Bogotá uko juu milimani, kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Una baridi na manyunyu, na wenyeji wake wa siku zile walivaa suti nyeusi na kusema kwa adabu nyingi. Kijana wa pwani alijiona mgeni. Siku za Jumapili alilipa nauli ndogo ya tramu, akazunguka mji mchana kutwa akisoma mashairi. Alikuwa, basi, msomaji hodari. Ila usomaji wake wa riwaya za wakati mpya ulikuwa bado mchache.

Vitabu vya riwaya hizo vilifikaje Bogotá? Sababu yake ni vita. Kabla ya mwaka wa 1936, sehemu kubwa ya vitabu vya Kihispania ilipigwa chapa Madrid na Barcelona. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, vilivyodumu tangu mwaka wa 1936 hadi 1939, viliivunja kazi hiyo, na wengi wa wajuzi wake wakavuka bahari. Mjini Buenos Aires, nchini Ajentina, ilianzishwa kampuni ya Losada mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata zikaanzishwa Sudamericana na Emecé. Kampuni hizi zilifasirisha waandishi wapya wa Ulaya na wa Marekani, zikavipeleka vitabu katika nchi zote za Kihispania. Mwanafunzi mmoja akinunua, kumi walisoma, kwa kuwa kitabu kilipita mkono kwa mkono katika nyumba za wapangaji.

Ndivyo ilivyokuwa kwa García Márquez. Mwanafunzi mwenzake wa uganga alimpa kitabu kilichochapwa na Losada, chenye hadithi ya Franz Kafka iitwayo kwa Kihispania *La metamorfosis*. Kafka alikuwa mtu wa Prague, aliyeandika kwa Kijerumani. Hadithi hiyo ilitoka mwaka wa 1915, na mwenyewe alifariki mwaka wa 1924. Yaeleza habari za Gregor Samsa, mchuuzi msafiri wa kampuni, ambaye aamka asubuhi moja na kujikuta amegeuka mdudu. Na shaka lake la kwanza si umbo lake jipya, bali ni garimoshi lililokwisha kumpita na mkubwa wake wa kazi atasemaje.

Mwanafunzi alisoma usiku kucha. Katika maelezo yake mambo matatu yatokea kila mara, nayo yafaa kutofautishwa. La kwanza ni mshangao wa ruhusa: hakujua kwamba mtu ameruhusiwa kuandika vile, na kwamba laiti angalijua mapema angalianza kuandika zamani. La pili ni utambuzi: sauti ile aliijua, kwani ndivyo alivyosimulia bibi yake. La tatu ni hamu ya kutenda. Kulipokucha alikaa mbele ya mashine ya kupigia chapa aliyoazimwa na rafiki yule yule, akajaribu kuandika kitu cha namna ile; na siku zilizofuata hakwenda chuoni, kwa kuogopa kwamba hali ile ingemtoka.

Hapana budi kusema neno juu ya ushahidi huu. Ni kumbukumbu za mtu mzima anayetazama nyuma, na hazilingani zote. Katika mazungumzo ya mwaka wa 1982 alisema kwamba alikuwa na miaka kumi na saba alipokisoma kitabu. Ingekuwa kweli, angekuwa bado Zipaquirá. Kitabu cha mwaka wa 2002 kinakiweka kisa Bogotá, katika siku zake za chuo kikuu, na hilo lakubaliana zaidi na mambo mengine yaliyothibitika. Msimulizi mwenye kipaji huinyosha hadithi yake. Lakini liko jambo moja lisilotegemea kumbukumbu. Tarehe 13 Septemba 1947 gazeti la *El Espectador* la Bogotá lilichapa hadithi yake ya kwanza, *La tercera resignación*, yaani kukubali kwa mara ya tatu. Eduardo Zalamea Borda, mhariri wa kurasa za fasihi za gazeti hilo, alikuwa amegusia uhaba wa waandishi vijana nchini, na mwanafunzi akapeleka kazi yake. Siku ilipotoka hakuwa na senti za kununulia gazeti; ilimbidi kumwomba mtu aliyekuwa akishuka katika teksi ampe lake.

Hadithi hiyo ni ya mtoto aliyekufa akiwa na umri wa miaka saba, akaendelea kukua ndani ya jeneza kwa miaka kumi na minane, mama yake akimpima urefu. Athari ya Kafka ni dhahiri. Wala si Kafka aliyemeng'enywa, ni Kafka aliyeigwa. Mwandishi amechukua mwili ulioharibika na hofu ya kufungiwa, lakini sauti ya bibi, ambayo asema aliitambua usiku ule, haisikiki. Maneno ni mazito, hali ni ya kinjozi, na msimulizi mwenyewe ashtuka kwa yale anayoyasimulia. Hapa pana fundisho kwa kila apimaye athari za vitabu: lile ambalo msomaji aliliona si lazima liwe ndilo aliloweza kulitenda mara moja.

Sasa turudi kwa mtu wa tatu. Katika mazungumzo yale ya mwaka wa 1982, García Márquez alisema kwamba Kafka alisimulia mambo katika Kijerumani kwa namna ile ile aliyosimulia bibi yake. Ni kauli nzuri, nayo imerudiwa na wengi. Lakini kijana wa 1947 hakusoma Kijerumani. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Kihispania, tena Kihispania kilichoandikwa na mtu fulani. Nani huyo?

Kitabu cha Losada cha mwaka wa 1938 kilimtaja Jorge Luis Borges kuwa mfasiri, na kwa miaka mingi wasomaji waliamini kwamba hadithi hiyo ilifasiriwa na yeye. Borges mwenyewe alikanusha baadaye. Alisema kwamba alifasiri hadithi nyingine za kitabu hicho, si ile iliyokipa kitabu jina. Na kwamba yeye, kwa kuwa alijua Kijerumani, angalichagua jina lingine. Wachunguzi walipolinganisha maandiko waliona kwamba tafsiri ile kwa jumla ni ile ile iliyokwisha kutokea Madrid mwaka wa 1925 katika *Revista de Occidente*, jarida lililoanzishwa na José Ortega y Gasset mwaka wa 1923. Kafka alikuwa amekufa mwaka mmoja tu kabla yake. Na katika jarida hilo tafsiri haikutiwa jina la mtu. Majina kadhaa yametajwa tangu hapo, lakini hakuna lililothibitika. Msimamizi wa mfululizo wa vitabu ule wa Losada, Guillermo de Torre, alikuwa shemeji yake Borges na aliwajua vizuri watu wa jarida la Madrid. Basi njia ya maandiko kutoka Madrid hadi Buenos Aires si vigumu kuifahamu. García Márquez naye aliyajua haya alipokuwa mzee, kwani katika kitabu cha maisha yake aliiita tafsiri ile ya Borges wa uongo.

Tafsiri yenyewe yastahili kutazamwa kwa jicho la lugha. Kafka aliiita hadithi yake *Die Verwandlung*. Neno hilo ni la Kijerumani cha kawaida. Hutumika kwa mageuzi ya kila namna, hata yale ya hadithi za watoto. *Metamorfosis* ni neno lenye asili ya Kiyunani, lenye harufu ya shule: humkumbusha msomaji mashairi ya Ovidius, na elimu ya wadudu wanavyobadilika kutoka kiluwiluwi hadi kipepeo. Ni kama mtu aache kusema kwa Kiswahili “kugeuka” atafute neno la kitabuni. Hii ndiyo sababu ya Borges kulikataa. Kadhalika, Kafka alimwita mdudu wake *Ungeziefer*, neno la jumla, litumikalo kwa viumbe wachafu na waharibifu ambao mtu angependa kuwafagilia nje. Halimwonyeshi msomaji mdudu yupi. Kihispania kilimpa msomaji “mdudu” aliyekwisha pata umbo, na sehemu ya dharau iliyomo katika neno la kwanza ikapotea. Mwalimu wa tafsiri mwenye kalamu nyekundu angepata kazi hapa.

Hata hivyo, hayo yaliyopotea siyo aliyoyachukua mwanafunzi. Alichokichukua ni utulivu wa msimulizi. Utulivu huo haukai katika neno moja moja. Umo katika mpango wa sentensi na katika yale yasiyosemwa: jambo kubwa lakatajwa kwanza, kwa maneno machache, hapana mshangao, hapana maelezo ya sababu, kisha msimulizi aendelea na habari za kitanda, mlango, na saa ya kengele. Mfasiri wa 1925 hakuongeza alama ya mshangao, hakuomba radhi kwa msomaji, hakumweleza kwamba huenda ni ndoto. Aliuacha mwendo wa hadithi ulivyo. Kwa sababu hiyo mjukuu wa Tranquilina Iguarán aliweza kuitambua sauti ya nyumbani kwao katika maandiko ya mtu wa Prague.

Ushahidi wa upande wa pili waipa nguvu hoja hii. Katika siku zile zile mwanafunzi mwenzake wa sheria alimpa riwaya ya James Joyce, *Ulysses*, akimwambia kwa fahari kwamba hiyo ni Biblia nyingine. Tafsiri ya kwanza ya Kihispania ilikuwa imetoka Buenos Aires mwaka wa 1945, kazi ya José Salas Subirat, mtu wa shughuli za bima aliyejifundisha mwenyewe. García Márquez asema kwamba aliisoma kwa vipande na kwa kubabaika mpaka uvumilivu ukamwishia. Miaka ilipita ndipo aliporudi kuisoma kwa dhati. Tofauti ya matokeo si ya ustadi wa wafasiri tu. Sanaa ya Joyce imo ndani ya maneno yenyewe, katika mchezo wa sauti, lahaja na mizaha ya Kiingereza cha Dublin. Sanaa ya Kafka imo zaidi katika mwendo na msimamo wa msimulizi. Ile ya kwanza yamtaka mfasiri aumbe lugha upya. Ya pili yamtaka ajizuie. Na kujizuia, ingawa si rahisi, kwaweza kufanywa hata na mtu asiye na jina.

Tarehe 9 Aprili 1948 Jorge Eliécer Gaitán, kiongozi mashuhuri wa siasa, aliuawa katika barabara ya Bogotá, na mji ukaungua kwa ghasia. Chuo kikuu kilifungwa. García Márquez alirudi pwani, kwanza Cartagena, kisha Barranquilla, akawa mwandishi wa magazeti, sheria hakuimaliza. Huko alipata marafiki waliosoma kwa bidii vitabu vilivyotoka Buenos Aires, naye akawasoma William Faulkner na Virginia Woolf. Alipoanza safu yake katika gazeti la *El Heraldo* mwaka wa 1950 alijiita Septimus, jina la askari aliyechanganyikiwa katika riwaya ya Woolf, *Mrs. Dalloway*, na baadaye alikiri kwamba sentensi moja ya riwaya hiyo ilimbadilishia fikara zake zote juu ya wakati. Hapa tena alikuwa akisoma Kihispania. Borges, ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa juu ya kazi isiyo yake, alikuwa kweli amefasiri *Orlando* ya Woolf mwaka wa 1937, na *The Wild Palms* ya Faulkner mwaka wa 1940. Hii ya pili ilitolewa na Sudamericana.

Riwaya yake ya kwanza, *La hojarasca*, ilitoka mwaka wa 1955, na alama za Faulkner zimo. Ile sauti ya bibi ilikawia zaidi. Ilisikika kwa utimilifu katika *Cien años de soledad*, iliyochapwa mwaka wa 1967, ambamo mambo ya ajabu yasimuliwa bila msimulizi kuinua nyusi. Kitabu hicho kilitolewa Buenos Aires na Sudamericana, ile ile iliyomletea Wahispania wa Amerika Faulkner wa Borges. Kati ya usiku wa Kafka na kitabu hicho ni miaka ishirini. Kampuni zilizokuwa zikileta riwaya za wengine katika Kihispania zikawa sasa zapeleka riwaya ya Kihispania kwa wafasiri wa lugha nyingine.

Yawezekana mtu apinge na kusema kwamba kijana mwenye kipaji namna ile angekuwa mwandishi hata bila kitabu kile. Huenda, historia haina njia ya kulijibu swali hilo. Wala haifai kumpa mfasiri asiyejulikana sifa zisizo zake, kwani utulivu ule aliukuta kwa Kafka, hakuuzua. Lakini yatosha kusema kwamba angaliuharibu, kwa kuupamba au kuueleza, mwanafunzi hangaliutambua. Na kwamba makosa yake katika neno la jina na neno la mdudu hayakumzuia msomaji kufikiwa na kile kilichokuwa kikubwa. Basi tafsiri haipimwi kwa neno na neno pekee. Yapasa kuuliza pia ni sauti gani iliyofika upande wa pili.

Swali hilo latuhusu wasomaji wa Kiswahili pia. Mwanafunzi aliyeisoma *Shamba la Wanyama* ya mwaka wa 1967 alimsoma George Orwell, lakini aliyasoma maneno ya Fortunatus Kawegere. Aliyeisoma *Shujaa Okonkwo* ya mwaka wa 1973 alimsikia Chinua Achebe kwa ulimi wa Clement Ndulute. Majina haya yako, nayo yajulikana. Bahati ambayo msomaji wa Bogotá hakuwa nayo. Iwapo siku moja mtunzi wa riwaya za Kiswahili ataeleza kwamba aliamshwa na mwandishi wa kigeni, mchunguzi atapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kuandika nasaba yake: alimsoma katika tafsiri ipi, na ya nani? Majibu yatapatikana ikiwa orodha za maktaba, vitabu vya shule na makala ya wataalamu vitalitaja jina la mfasiri kando ya jina la mtunzi, pamoja na mwaka wa tafsiri. Kazi ya kuandika jina ni ya dakika moja. Kulitafuta baada ya miaka mingi, kama ilivyoonekana katika kisa cha jarida la Madrid, ni kazi ambayo wachunguzi hawajaimaliza.